Fishi ya Nsimire

Fishi ina visanduku kumi na vinne.
Wino umebaki kidogo,
umeme wa Kadutu umekwenda zake tangu saa moja,
naandikia mwanga wa simu niliyoibana kwa kidevu.

Umri? Kumi na tisa.
Mimba ya ngapi? Ya tatu.
Watoto walio hai?
Ananyamaza. Mvua inapiga mabati
kama mtu anayemwaga maharage.
"Mmoja," anasema. "Huyu, ukimhesabu."

Ninamhesabu.
Kilo moja na gramu mia mbili,
miezi saba na siku chache,
ngozi kama ganda la ndani la kitunguu,
masikio laini, hayajajifunza kusimama.

Aliwahi kuzaa kabla ya wakati?
Mara moja, huko Kabare, msimu wa kupanda.
Hapakuwa na fishi. Palikuwa na jembe na shangazi.
Kati ya ule uzazi na mimba hii: miezi mitano.
Mama mkwe alisema tumbo tupu
ni jiko lisilowashwa.
Hilo sina kisanduku cha kuliweka.

Malaria? Mara mbili.
Dozi ya kwanza aliimaliza, ya pili aligawana na mdogo wake.
Mkojo kuchoma? Tangu Pasaka;
alidhani ndivyo wanawake walivyo.
Ninavuta kope ya chini kwa kidole:
ndani kumepauka kama unga wa muhogo.

Kazi?
Naandika: mbebaji.
Neno linaingia kwenye kisanduku, mzigo hauingii.
Ninamwona, ingawa sikuwepo,
magunia yakishushwa kutoka boti ya Idjwi,
kamba imepita kwenye paji la uso,
mgongo umeinama mpaka macho yanasoma matope,
kutoka bandarini, kupanda, kupanda, hadi sokoni,
na tumboni huyu wa mwezi wa sita akigonga:
tua, mama, tua.

Alipata kupumzika? Fishi inauliza hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.
Nikacheka kidogo. Naye akacheka.
Mungu atusamehe.

Shuleni tulivikariri visababishi
kama majina ya mito.
Hakuna aliyetuambia kwamba huja na wenzao,
wanaingia mlango mmoja wameshikana mikono;
wala kwamba yupo mwanamke asiye na hata kimoja,
aliyekula, aliyelala, aliyekuja kilo kila mwezi,
akazaa mapema vilevile,
tukabaki tunatazamana kama watu walioibiwa mchana.

"Ni gunia la Jumatano?" anauliza.

Sijui, Nsimire. Huenda si gunia.
Huenda ni homa, au mkojo, au damu iliyokwisha,
au vyote vilipeana zamu.
Ninachojua: ukitaka mwingine, usinisubiri na tumbo.
Njoo likiwa bado tambarare,
njoo kabla hujamwambia mtu.
Tutapima damu, tutatibu hicho kinachochoma,
tutaiacha miaka miwili ipite,
na huyo mama mkwe mlete, nitamkalisha kiti kile.

Kisha nikafunga fishi.
"Vua blauzi."
Sanduku la joto tunalo, ndiyo, pale kwenye kona;
ndani yake tunatunza mashuka.
Nikamlaza mtoto katikati ya matiti, kichwa pembeni,
kofia ya sufi, kitenge kikamzunguka mara mbili,
fundo chini ya kwapa.

Shingo iliyobeba muhogo wa nusu ya Bukavu
ikakakamaa, haikuthubutu kugeuka.
"Mzito," akasema,
na hakuwa anatania.

Saa tisa usiku akaniita kwa kunong'ona.
Nikaja mbio, viatu mkononi.
"Dada, kifua kinaniwasha.
Nikikohoa, hatashtuka?"

Kohoa, nikamwambia.
Anakijua kikohozi chako.